Kocha Aliyetufundisha Kukumbana

Mwaka jana nilirudi Guangzhou, China, kwa maonyesho ya biashara ya Pazhou, nikashuka metro kituo kimoja kabla ili nikauone uwanja wetu wa nyasi. Haupo. Pamejengwa hoteli, na mlinzi niliyemuuliza alinitazama kama mtu aliyepotea. Basi wacha nikueleze wewe.

Nilipokuwa mtoto tulikaa mtaa wa Dengfeng, ghorofa ya saba, chumba kimejaa maboksi. Mama, mtu wa Mombasa, alinunua viatu kwenye soko la Liuhua. Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kuvipanga jozi jozi. Mpaka leo nikisikia tepu ya boksi ikivutwa hunijia harufu ya maharagwe ya nazi ya Mama, na ya sombe, majani ya muhogo ya jirani yetu Mkongo, ikipanda ngazi.

Jumamosi tulikuwa wa Kocha. Alikuwa mzee wa Kimarekani aliyemfuata mkewe, aliyekuja kufundisha huko. Ujanani alicheza mpira wao ule wa kubeba mkononi na kukumbana, enzi ambazo hata mchezaji wa kulipwa alishinda kiwandani wiki nzima. Vidole vyake vilipinda kila kimoja upande wake, na sikio moja lilikuwa limekufa. Alitukusanya watoto wa wafanyabiashara, Waafrika na Wachina, mimi nikiwa msichana pekee, akatuvisha helmeti za pikipiki. Jirani yule, ambaye mwanawe naye alicheza, alimuonya Mama; Mama akamjibu kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye.

Mazoezi yalikuwa vita. Wawili walisimama wakitazamana, filimbi ikalia, wakakimbiliana mpaka mmoja aanguke. Tulitoka damu puani, tukatema meno, tukaomba zamu nyingine. "Bega, si kichwa," Kocha alisema kila mara. Alitusimulia kwamba aliwahi kumkumba mtu kwa kichwa, na mtu yule hakutembea tena.

Siku moja nilipangiwa mtoto wa jirani, mkubwa kuliko sote. Wiki nzima alikuwa akinicheka mbele ya wenzetu, eti nirudi nikapange viatu. Filimbi ilipolia niliinamisha kichwa. Nilisikia mlio kama wa ubao kuvunjika, naye akalala chali, macho wazi.

"Siisikii miguu yangu," aliniambia, polepole.

Kocha alipiga magoti kwenye matope, akaishika shingo yake isitikisike mpaka gari la wagonjwa likaja.

Hospitalini jirani alimpiga Kocha kofi, la pili, la tatu. Kocha hakuinua mkono. Kisha jirani akanigeukia mimi, na mzee akaingia katikati.

"Nilimfundisha mimi," alisema. "Huyu ni mtoto."

Hakutuita uwanjani tena. Kabla mwaka haujaisha yeye na mkewe walirudi kwao, na miaka michache baadaye tukasikia amekufa, akiwa hamtambui hata mkewe. Majirani walihamia Lubumbashi. Siku hizi Dengfeng maduka mengi ya wenzetu yamefungwa, na kwenye ngazi zile sikukutana na yeyote anayenijua.

Mtoto wa jirani sasa ana watoto wake. Mguu mmoja ulipona. Wa pili anauburuta. Hunipigia simu sikukuu, na mara moja aliniuliza kama siku ile niliteleza. Nilimwambia niliteleza.

Sikuteleza. Alipokuwa anaanguka, kabla sijaogopa, nilifurahi.