Nta Chini ya Unga wa Mama

Mwezi wa sita, baridi ikishika Likasi, unga wa mama ulikuwa unalala kitandani na mama analala chini. Si utani. Jioni anakanda unga wa mikate ya kukaanga anayouza asubuhi sokoni Kikula, anaweka beseni katikati ya kitanda chetu chembamba, analifunga blanketi zote mbili. Bila joto hauumuki, na makaa ya kuwasha mpaka asubuhi tuyatoe wapi? Yeye anajikunja kwenye mkeka. Nilikuwa namsikia anavyokohoa, roho inaniuma.

Ndiyo nikaanza kuhangaika na nta. Umeme unakatika kila mara, kwa hiyo kila nyumba huku kwetu ina vipande vya mishumaa. Kwenye simu nilikuwa nimeona mtu akieleza: nta ikiyeyuka juani inameza joto, ikianza kuganda inalirudisha polepole, saa nyingi. Mimi niliishia mwaka wa tatu wa sekondari, lakini hilo liliniingia mara moja. Nikaomba vipande mlango kwa mlango, nikavijaza kwenye makopo ya maziwa, nikayapaka masizi yavute joto, nikayaweka juani ndani ya sanduku lililofunikwa kioo cha dirisha. Mchana nta ikawa maji matupu. Nilirukaruka uani!

"Bunga yangu haiko ya kuchezea," mama akasema nilipomweleza kuwa makopo yataupasha unga joto usiku.

"Ba mama, munipe tu nusu."

"Nusu? Robo! Na ikinuka buji, hii mishumaa yako, weye utakula yote."

Jioni nikapanga makopo kwenye kasha la mbao lenye magunia ndani, bakuli la ile robo juu yake, nikafunika. Halafu nikashindwa kutulia. Je, unaumuka? Nikafungua. Nikafunga. Nikaenda kunawa, nikarudi, nikafungua tena. Na tena. Mpaka kopo likapoa mkononi mwangu, nta imeganda nyeupe.

Alfajiri ile robo ilikuwa imelala bapa kama sahani. Mama aliicheka mpaka kikohozi kikambana.

"Haiko buji mubaya," akasema alipopata pumzi. "Ni mikono yako. Unafungua-fungua, joto yote inatoka. Minye nikishalalisha bunga, uliona naifunua?"

Makopo nikayarudisha juani.

Jioni ile mama alipanga kasha mwenyewe, na beseni zima, akalizungushia kitenge akakaza fundo. Nikasogeza mkono. Akanichapa vidole.

"Weye! Lala."

Akabeba blanketi zake zote mbili, akapanda kitandani, akajinyoosha. Mimi niligeuka huku na huku kwenye mkeka, mikono nimeilalia.

Kulipopambazuka kitenge kilikuwa kimevimba. Nikafungua fundo: unga umeinua kifuniko, unamwagika pembeni. Nikageuka nimwite mama. Alikuwa bado amelala, mdomo wazi, miguu imefika mwisho wa kitanda. Sikumwamsha. Nikawasha makaa, nikabandika mafuta, nikaanza kukaanga mwenyewe, na mikate ya kwanza yote ikaungua.