Filta Iliyokaa Kabatini

Kilikuwa chepesi mno. Hicho ndicho kilichonishtua kwanza. Nilitegemea filta ya friji iliyofanya kazi miaka mitatu itoke nzito, imelowa, imejaa uchafu wa maji yetu ya Ruangwa, ambayo mvua zikianza hutoka bombani na rangi ya chai ya maziwa. Badala yake mkononi nilikuwa na kipande cha plastiki, chepesi kama ganda la karanga. Nikakitikisa. Yakadondoka matone mawili, basi. Ndani hamkuwa na kitu.

"Wifi," akasema dada wa mume wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Dar, "hii siyo filta. Hiki ni kizibo cha kiwandani. Siku ya kwanza kinatolewa, ndiyo inawekwa filta yenyewe."

"Filta yenyewe ipi?"

Akanionyesha kwa kidole boksi nililokuwa nimeliweka mezani kwa maringo dakika tano zilizopita, plastiki yake haijaguswa.

Friji lile tulilinunua mwaka ambao ufuta ulikubali. Milango miwili, na kwenye mlango mmoja kuna kijitundu, ukisukuma glasi maji ya baridi yanashuka yenyewe. Mtaa mzima ulikuja kulitazama, nami nilihakikisha hakuna aliyeondoka bila kunywa. Kwa kuwa bomba letu hutoa maji siku likijisikia, fundi kutoka Nachingwea alituwekea dumu la lita ishirini chini ya sinki, na kijipampu cha umeme cha kuvuta maji kutoka humo hadi kwenye friji. Alipomaliza akanionyesha kitaa chekundu: kikiwaka, bonyeza hapa mpaka uhesabu tatu, kitazima. Mezani akaacha boksi la filta mpya. Sikumuuliza kitu. Kwetu kipya kinachobaki ni spea, na spea hutunzwa. Nikaliweka kwenye kabati la vioo, kati ya birika la harusi na zile glasi tusizozitumia.

Taa ikawa inawaka, nabonyeza, nahesabu tatu. Nilijiona fundi.

Dumu lilikuwa kazi ya mama yangu. Alikuja kutoka kijijini kwetu Naipingo nilipojifungua, akabaki, na kujaza dumu alijitwalia mwenyewe wiki ileile friji lilipofika. Friji hakulipenda. Aliliita mkwe wake, eti naliheshimu kuliko mume aliyenioa. Asubuhi akipita mbele yake alilisalimia, "Umeamkaje, mkwe?" na binti yangu anacheka mpaka anakaa chini.

Siku moja, mbele ya wageni, mama aliuliza kama maji yale ya kwenye friji yanafaa kunywewa bila kuchemshwa. Niliona haya, na haya yangu siku zote hutoka kama hasira. "Mama," nikamwambia, "mambo ya Naipingo tuyaache Naipingo. Humu ndani hachemshi mtu maji ya kunywa tena. Mashine inasafisha." Wageni wakatazama chini. Mama akakusanya vikombe akaenda kuviosha. Mimi ni mwalimu wa sayansi, shule ya msingi. Wiki hiyohiyo niliandika ubaoni kwa mwandiko wangu mzuri: chemsha, chuja, funika.

Basi Jumamosi ya kizibo, wifi ndiye aliyeiona taa nyekundu, akauliza filta tunabadilisha lini. Nikasema spea ipo, tena nabadilisha mwenyewe, akae atazame. Akatazama kweli.

Nilikaa sakafuni na kizibo mkononi. Miaka mitatu! Nikamwona mume wangu na chupa yake ya kwenda nayo shamba. Nikamwona mama mkwe, aliyekuja anaumwa tumbo, nikamhimiza anywe mengi. Nikawaona waombolezaji kwenye msiba wa jirani, niliowapelekea jagi baada ya jagi huku nikiwaambia wasiogope, haya ni ya friji. Na binti yangu, ambaye tangu alipoachishwa ziwa hajawahi kunywa maji mengine. Masika yaliyopita nyumba ya pili kutoka kwetu walilazwa watu wawili kwa taifodi, na bomba letu ni moja.

Nililia, kisha nikaanza kupiga kelele, maana ndivyo nilivyo. "Mtoto aende hospitali sasa hivi! Apimwe kila kitu!" Wifi akashika simu kumtafuta mwenye bajaji. Binti yangu akaja mlangoni na kipande chake cha muhogo, akamwona mama yake sakafuni, naye akaangua kilio.

Mama alikuwa kwenye mkeka barazani, mlango wa jikoni uko wazi, anachagua mbaazi kwenye ungo.

"Apimwe nini?" akauliza.

"Maji, mama! Miaka mitatu tunakunywa maji mabichi! Na wewe ndiye unayejaza dumu, unaona yanavyotoka!"

"Naona. Ndiyo maana nayachemsha."

Hakuinua hata macho. Akatoa kijiwe kwenye mbaazi, akakitupa uani.

"Unachemsha yapi?"

"Ya dumu. Nachemsha alfajiri, nayaacha yapoe, nayachuja kwa kanga, najaza. Hilo fuliji lako kazi yake kuyapooza tu."

Wifi akashusha simu. Kila alfajiri kwa miaka mitatu nilikuwa nasikia harufu ya mkaa kutoka uani, nalala zangu, nikijua mama anabandika maji ya kuoga. Kuna siku nilimgombeza, mkaa unakwishaje haraka hivi na nchi yenyewe hii ya joto, nani anataka maji ya moto. Akaniambia uzee, mwanangu, mifupa. Nami nikaamini!

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema humu ndani asichemshe mtu. Nikachemshia nje."

Wifi akacheka, kisha akajizuia. Mama aliweka ungo chini. Akamvuta binti yangu, akamkalisha mapajani, akamfuta kamasi kwa ncha ya kanga.

"Kaka yako," akasema. Nilikuwa na kaka niliyemjua kwa jina tu, alifariki kabla sijazaliwa. Nyumbani walisema homa, na hapakuwa na aliyeongeza neno. "Haikuwa homa. Ni maji ya kisima. Nilimnywesha mimi, kwa mkono wangu huu, analia kiu. Aliharisha siku mbili. Wewe ulikuwa bado tumboni."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Ningebishana na wewe," akaendelea, bila ukali wowote, "ungekasirika, dumu ungempa mwingine ajaze. Mimi sikutaka kukushinda, mwanangu. Nilitaka huyu anywe."

Wifi ndiye aliyechana plastiki na kuipachika filta. Akabonyeza mpaka tatu, taa ikazima. Nikachota glasi, nikapiga magoti mkekani, nikampa mama kwa mikono miwili. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akinywa kwenye friji. Nilidhani ni ubishi, kumbe alikuwa akinywa yaleyale, ila kwenye mtungi wake.

Akaipokea, akaitazama kwenye mwanga. "Ya leo nimeyachemsha," akasema, akanywa yote. "Kesho amka wewe."

Niliamka kabla ya adhana. Nilipotoka uani jiko lilikuwa limeshawaka na sufuria limeanza kutoa mvuke. Hakuningoja. Nilimwomba msamaha palepale, naye akaitikia kama mtu aliyesalimiwa. Maji yalipopoa alinipa ncha moja ya kanga nishike, akaniambia nisiilegeze.