Kitufe Alichokibana Masalu

Siku moja bado naikumbuka, mwanangu, na nikiikumbuka huwa nakaza meno. Ilikuwa machimboni huku Geita, miaka ya tisini, simu za mkononi hazijatufikia. Mimi nilikuwa kijana wa redio ya upepo, ile ya kuitana kambi kwa kambi. Shule niliishia darasa la nne kule Kishapu, lakini masikio Mungu alinipa.

Kazi ile alinifundisha Mzee Rajabu, fundi wa redio wa mjini Kahama. Usiidharau. Ukikosea masafa kidogo tu, mtu anaongea kama bata. Unazungusha polepole mpaka bata anageuka binadamu. Wakiingiliana wawili, unabana njia iwe nyembamba, abaki mmoja. Halafu kuna kitufe cha kuzima mvumo, ule upepo unaolia mchana kutwa. Mimi ujana ulinisumbua, nikakibana mpaka mwisho, kukawa kimya. Mzee Rajabu akanipiga kofi la kisogo.

"We Msukuma, umemuua nani?"

"Sijaua mtu, mzee. Nimezima kelele tu."

"Kitufe hicho hakijui kelele wala mtu! Kinajua mwenye nguvu na mnyonge. Aliye mbali, betri yake imechoka, sauti yake imo humo humo kwenye upepo. Legeza, usikie upepo kidogo. Ukikuchosha, vumilia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Nikainama. Na humo ndimo nilimompata Mama Kabula, aliyeshika redio ya kambi ya juu ya bonde, penye bwawa lao la kuoshea mchanga. Betri yake ilikuwa mbovu, sauti nyembamba kama uzi. Uso wake sikuwahi kuuona. Lakini katika umati wote ule wa machimboni, ni yeye tu aliyeniuliza habari za tumbo langu.

"Umekula nini leo, baba? Ova."

"Michembe, mama. Ova."

"Viazi vikavu tena? Utaota mizizi wewe! Ova."

Tulikuwa tumepatana: tuta la bwawa lao likianza kuachia, aniite, nami nipige kengele watu watoke, maana maji yangeshukia mashimoni kwetu.

Sasa majina. Watu huniambia niyaache, ni mambo ya zamani. Siyaachi. Mwenye duara letu, yaani shimo tulilochimba, aliitwa Masalu. Dhahabu ilipokata, Masalu akamleta mganga, Nkwabi. Nkwabi akazunguka kambi na usinga wake, akasimama mlangoni kwangu, akasema dhahabu haipendi mluzi, na upepo wa redio ni mluzi usiokoma. Ndio unaoifukuza mwambani. Kweli shimoni mluzi ulikuwa mwiko, basi wachimbaji wote wakaitikia. Masalu akaingia, akakibana kitufe mpaka mwisho.

"Bosi, hatutamsikia Mama Kabula."

"Taa yake inawaka?"

"Inawaka."

"Basi redio nzima. Akiwa na shida atapaza sauti."

Wakacheka. "Dogo anamlilia mchumba wake wa hewani!"

Alipotoka nikakilegeza. Dotto, msimamizi wake, akanichongea. Kesho yake nikashushwa shimoni kuchimba, na Dotto mwenyewe akakaa kwenye redio, kimya kikimfurahisha.

Nilishuka na Shija, rafiki yangu tangu tukichunga ng'ombe. Kwetu jua lilikuwa kali; mvua ilikuwa inanyesha huko juu. Maji yakaingia bila hodi. Mimi nilikuwa karibu na kamba, Shija alikuwa ndani kabisa, kwenye mwamba. Nikamwita. Akaitika, "Tangulia, nakuja!" Hakuja.

Baadaye watu wa kambi ya juu walituambia tuta liliachia, na Mama Kabula aliita tangu asubuhi mpaka koo likamkauka. Na taa ya redio yetu ilikuwa inawaka muda wote. Msibani Masalu alisema ni kazi ya Mungu. Mungu hakukibana kile kitufe. Nkwabi naye akasema Shija alipiga mluzi.

Kambi ya juu ilivunjika, watu wakatawanyika. Nilimtafuta Mama Kabula hewani siku nyingi, nikausikiliza upepo mtupu. Na nitamuulizia kwa jina gani? Kabula ni mwanawe. Jina lake mwenyewe silijui. Nikarudi Kishapu. Majirani hunipita: shikamoo, marahaba, basi.

Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Mbona Masalu yu hai, ana maduka? Sikio lilikuwa lake, kufa akafa mwingine.

Nimeiona redio yako ya kwenye kompyuta, ng'wanawane, mwanangu, inavyochora mawimbi na kuchuja mivumo kwa kugusa tu. Ni kazi nzuri, na mashine ni safi kuliko yetu. Lakini kabla hujachuja, jiulize ni nani anayeishi humo. Acha upepo kidogo usikike, hata ukikukera. Na mkubwa akikuamuru unyamazishe, uliza kwanza nani yuko shimoni. Akikataa kujibu, mtaje jina lake mbele za watu siku ile ile, usingoje msiba kama mimi.

Mungu akupe masikio, akupe na subira ya kuyatumia. Ukiita, uitikiwe. Na ukizeeka, mwanangu, usizeeke peke yako.