Neno la Kusogeza Watu

Dobi wa mtaa wetu tulimbandika jina la Mikunjo, na si kwa ajili ya nguo tu. Mtu huyu hawezi kuona jambo lililojikunja asitake kujua limekunjwa na nani. Ukimpelekea shati, utaulizwa ulilalia ubavu gani. Mimi nashona viatu, na benchi langu limepakana na meza yake, kwa hiyo maswali yake nayasikia kutwa, nitake nisitake.

Mbele yetu lilianza kupanda jengo la ghorofa. Lilipofika ghorofa ya nane, vitu vikaanza kushuka: misumari, vipande vya tofali, siku moja nyundo nzima. Wavu wa kuvizuia haukuwepo. Njia ya sokoni ni hiyo hiyo moja, inapita chini yake, na mke wa Mikunjo aliipita kila mchana kumletea mumewe chakula. Hilo ndilo lililomkosesha raha. Tulikwenda kwa msimamizi, akatuambia, "Wavu unakuja, wazee wangu." Ulikuwa unakuja tangu ghorofa ya tatu.

Mafundi wenyewe hawakuwa watu wabaya. Kitu kikiwaponyoka, walipiga kelele: "Chini!" Ndipo siku moja Mikunjo akasahau pasi juu ya kola ya mtu hadi ikaungua.

"Umeona?" akaniuliza. "Wakiambiwa 'chini', wanaangalia chini!"

Kweli bwana. Watu walisimama pale pale, wakikagua miguu yao kana kwamba wamedondosha funguo.

Akapanda kuongea na mafundi, wakakubali kujaribu neno jingine. Walisema "Juu!" Watu wakasimama na kuinua nyuso, midomo wazi, mbaya zaidi. Wakasema "Kimbieni!" Wakakimbia kweli, kila mtu na upande wake, na muuza mitumba akakimbilia ndani ya jengo lenyewe. Mikunjo alicheka hadi akashika mbavu, kisha akawaza hadi jioni.

Jibu alilipata kwa mama mmoja wa nyumba ya jirani, aliyemwaga maji ya vyombo dirishani huku akipaza sauti, "Maji!" Wapita njia wakaruka mbali na ukuta, wote upande mmoja, bila hata kutazama. Tofali hawaliogopi hao, lakini uchafu kwenye nguo iliyopigwa pasi, thubutu!

Kuanzia hapo mafundi wakawa wanaita "Maji!" na njia inakuwa nyeupe. Mikunjo akavimba kichwa, nami sikumlaumu. Aliyefurahi kuliko wote ni msimamizi. "Si mmeshapata dawa?" alisema. "Wavu wa nini tena?" Nilipandwa na hasira. Mikunjo akaniambia nina roho ya kutoridhika.

Kisha mvua ikanyesha.

Ilikuwa mchana, mvua ya kawaida tu. Mkewe alitokea kwenye kona, mwavuli mkono huu, kapu la chakula mkono huu. Kule juu ubao ukateleza.

"Maji!" mafundi wakapiga kelele. "Maji! Maji!"

"Si nayaona!" mama akajibu, wala hakupunguza mwendo.

Nilimwona Mikunjo akielewa. Pasi ilimtoka mkononi, na akaita jina la mkewe, lile alilopewa na wazazi wake. Sisi hatukuwahi kulisikia. Mtaani anamwita mama watoto, na nyumbani, nadhani, anamwita "wewe". Mama akasimama ghafla, akageuka kumtafuta aliyethubutu. Ubao ukatua mbele yake, ukapita na nusu ya mwavuli.

Hakuna aliyeitisha kikao. Tulifungua kamba za Mikunjo za kuanikia nguo, tukaziba nazo njia yote, nami nikaburuta benchi langu katikati. Malori ya saruji yakapanga foleni, yanapiga honi. Msimamizi alituomba, akatufokea, akatuomba tena. Wavu ulifika jioni hiyo hiyo, na ulifungwa mbele ya macho yetu.

Mke wa Mikunjo alikuwa amekaa kwenye benchi langu muda wote huo, ameshika mpini wa mwavuli.

"Hebu niite tena," akamwambia mumewe.

Mikunjo akafungua mdomo aite. Badala ya jina kikatoka kilio, mbele ya mtaa mzima, na wala hakuona haya.