Rangi za Kuvukia Kizingiti

Sonaullah alisimama kwenye kizingiti cha nyumba yake, miguu imeganda kama iliyopigiliwa misumari. Theluji ilikwishafagiliwa, na karakana ya mazulia ilikuwa pale ng'ambo ya ua. Daktari alimweleza kwamba kemikali ya ubongo inayopeleka amri miguuni imempungukia. Vidonge vinasaidia, ila kuna saa navyo huzidiwa.

"Unangoja kubebwa, bwana harusi?" mkewe, Mugli, akauliza kutoka jikoni.

"Nakwenda mwenyewe," akanong'ona. Hata sauti ilikuwa imemfifia, sauti ile iliyowaimbia wafumaji wa mazulia rangi za nyuzi na idadi ya mafundo kwa miaka arobaini, fundo kwa fundo, vidole vyao vikifuata bila kufikiri.

Mugli akaweka chini birika la chai ya chumvi. Wimbo ule alikuwa ameusikia ukitoka karakanani tangu aolewe. Kama vidole vilifuata, kwa nini miguu isifuate?

"Nyekundu mbili!" akaimba. Mguu wa kulia ukanyanyuka. "Kijani tatu!" Wa kushoto ukafuata, kizingiti kikabaki nyuma. Mugli akamwandama uani akiimba. "Buluu moja! Njano nne!"

Sonaullah akasimama ghafla, uso umemwiva kwa hasira.

"Baada ya buluu ni nyeupe, we mwanamke! Utaniharibia zulia!"

Alifoka hadi jirani akachungulia. Kisha akaanzia pale pale mkewe alipokosea, akaimba mwenyewe kwa sauti, akaenda zake karakanani.