Kazi ya Mzazi
Basi la uwanja wa ndege liliniteremsha Abu Hamour, mtaa wa Doha nisioujua, nikaketi kituoni kando ya mlinzi Mkenya, mwanamke wa makamo, aliyekuwa akijaza fomu ya mkopo wa masomo wa serikali kwa simu. Binti yake, aliyekuwa hewani kutoka Kenya, alikuwa ameitwa kujiunga na chuo kikuu. Kila swali alilisoma kwa sauti ya chini, akafuta kioo kwa mkono wa shati, kisha akabonyeza jibu kwa kidole gumba kilichopasuka ncha. Nyumba ina vyumba vingapi, watoto wangapi wako shuleni: serikali hupima hali ya familia, na anayeonekana kujiweza huambulia kidogo au hunyimwa. Walipofika penye kazi ya mzazi, binti alisema kwenye spika, "Mama, andika huna kazi. Wenzangu wote wameandika hivyo. Wakiona Qatar watadhani tuko na pesa."

"Wacha wadhani. Nasimama kwa geti masaa kumi na mbili, halafu niandike sina kazi? Na karo yako imekuwa ikilipwa na nani, majini?"

Binti alicheka. "Na wakitunyima?"

"Tutakata rufaa. Nitawatumia picha ya kitanda changu, kile cha juu, chumba cha watu wanane." Akaandika: mlinzi, Doha. Akaandika mshahara wote, hadi ovataimu. Basi la kampuni lilifika, dereva akapaza sauti, "Yalla, yalla," akimhimiza apande. Mama alimwinulia kiganja asubiri, akasoma fomu upya kutoka juu, akaituma, ndipo akapanda. Likaondoka naye kuelekea kazini, mji wa Lusail, nami nikabaki kwenye benchi.