Mpaka Uliopita Ufukweni

Ramani ile niliinunua mnadani Mbinga, kwa muuza mitumba aliyekuwa ameitandika chini ya viatu. Ilikuwa enzi ya ruksa, kila kitu cha nje kilikuwa kinaingia. Mimi, mwalimu wa Jiografia niliyezoea kuchora mabara kwa chaki, Australia ikinitoka kama kiazi, niliona Mungu amenikumbuka. Nikateremka nayo hadi shuleni kwetu kando ya ziwa, karibu na Mbamba Bay, nimeikumbatia njia nzima.

Niliitundika darasa la tano bila kuikagua. Haraka haraka haina baraka, na maneno hayo nilikuwa nikiwaambia watoto kila siku. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimewafundisha mipaka: kwamba kuingia nchi ya watu kunahitaji pasi, na asiye nayo hukamatwa. Hapo kwenye kukamatwa nilikazia, maana nilipenda darasa likinyamaza.

Msichana mmoja wa dawati la mbele alisogea akafuata kwa kidole mstari mwekundu wa mpaka. Haukupita katikati ya ziwa kama vitabu vyetu vinavyosema. Ulipita ufukweni, upande wetu. Maji yote yalikuwa ya Malawi.

"Mwalimu, kumbe baba anavua nje ya nchi?"

Nilisema waliochora wamekosea, nikakimbilia mito ya Ulaya. Jibu lilikuwa bovu na nilijua. Kwa wanafunzi wangu, kitu kilichochapwa kwa rangi kilimshinda mwalimu.

Kesho yake baba yake alikuja shuleni, amekasirika lakini anajizuia.

"Habari za kazi, Mwalimu. Mtoto ameficha kafi langu la mtumbwi. Nimembembeleza, nimemtisha, hasemi liko wapi. Eti nikienda ziwani nitafungwa, Mwalimu kasema. Jana sikuingia majini kabisa, na dagaa wa usipa ndio wanatoka sasa."

Mimi ni Mmatengo, nimekulia milimani kwenye kahawa. Ziwa naliogopa hata likiwa limetulia. Nilimwita yule msichana nyuma ya ofisi, baba yake akiwepo. Nikamweleza kwamba serikali yetu inasema mpaka uko katikati, kwamba wenzetu wa ng'ambo wanasema vingine, na kwamba wavuvi wa pande zote wamevua humo tangu enzi za mababu. Alisikiliza vizuri sana.

"Kwa hiyo hatakamatwa?"

Sokoni nilikuwa nimesikia kwamba kuna mvuvi alizuiwa ng'ambo na nyavu zake. Kweli au uzushi, sikujua. Na baba mtu alikuwa amesimama pale, anangoja kafi lake.

"Hatakamatwa," nikasema.

Kafi lilikuwa kwenye muhogo nyuma ya nyumba yao, limefunikwa majani. Jioni ile baba akaingia ziwani. Usiku upepo wa mwera ukavuma, bati la nyumba yangu likagongagonga hadi alfajiri, nami nikamlaani kila mchora ramani duniani.

Asubuhi mitumbwi mingine ilikuwa imerudi. Wake haukuwepo. Nilifundisha nimeligeuzia dirisha mgongo, kwa sababu sikuthubutu kutazama nje. Msichana naye hakulitazama ziwa. Alinitazama mimi, somo zima. Nilipofika Sahara nikaacha, nikawaambia wasome kimya.

Baba yake alirudi wakati wa mapumziko, amelowa chapachapa. Upepo ulikuwa umemsukuma hadi ghuba ya jirani, akalala huko akingoja utulie. Msichana alikimbilia ufukweni na daftari lake mkononi. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya darasa, nikamshukuru Mungu kwa sauti mbele ya watoto wa watu.

Ramani niliiacha ukutani, ila nilichora mstari mwingine katikati ya ziwa kwa kalamu ya wino. Siku chache baadaye nilikuwa nikifundisha kwamba dunia hulizunguka jua. Mkono ukainuka dawati la mbele.

"Mwalimu, hiyo una hakika nayo, au ni kama ile ya baba?"